Ukitaka kufungua duka dogo la bunduki jirani na duka kubwa

Ndugu yetu mmoja wa Houston kaniandikia wiki hii. Ana ukaaji wa kudumu, kaweka akiba, anapenda kuwinda, na sasa anataka kufungua duka la bunduki. Kinachomnyima usingizi ni maduka makubwa yanayouza bunduki: Academy iko karibu naye, Walmart iko karibu, na Bass Pro si mbali. "Kaka, nitauza nini wasichokuwa nacho wao?" Najua si yeye peke yake mwenye swali hili, kwa hiyo namjibu hapa ili na wengine msome.

Mimi nilianzia upande ule mwingine. Nilifanya kazi katika duka kubwa la vifaa vya uwindaji hapa Texas, kaunta ya bunduki. Fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, niliijua kwa moyo: mteja anajaza, anathibitisha kwamba bunduki anajinunulia mwenyewe, tunapeleka jina lake kwenye mfumo wa FBI wa kuchunguza wanunuzi, ulioanza mwaka 1998, na jibu linarudi: endelea, subiri, au kataa. Kazi niliipenda. Lakini siku moja mzee mmoja alileta bunduki ya marehemu baba yake. Kitako kilikuwa kimepasuka, naye aliibeba kama mtoto mchanga. Meneja akaniambia, mzee mwenyewe akisikia, nisiipokee, sisi tunauza vitu vipya tu. Nami ufundi ule nilikuwa nao mikononi. Mzee akaomba radhi kwa kutusumbua, akaondoka. Mpaka leo nikikumbuka linanichoma, na ndipo nilipoamua kwamba nitakuwa na kaunta yangu.

Habari za mkopo na ukarabati sitawachosha nazo. Leseni ya muuzaji kutoka ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, inaombwa kwa dola 200 na inadumu miaka mitatu, ukihuisha ni dola 90. Mkaguzi atakuja kuzungumza nawe. Ukiwa msafi, unapata.

Msimu wangu wa kwanza wa kulungu, ambao huku hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, watu walijaa dukani. Walishika, waliuliza, waliondoka. Bwana mmoja nilikaa naye karibu saa nzima. Alitaka bunduki ya binti yake. Nilimweleza kwa nini bunduki ya risasi za .243 ingemfaa mtoto kuliko ya .308 inayosukuma bega kwa nguvu zaidi, nikampimia na urefu wa kitako. Akashukuru sana. Siku chache baadaye akarudi na boksi kutoka duka kubwa, bunduki ileile niliyompendekezea, anaomba nimfungie darubini. Bei waliyomuuzia ilikuwa chini ya bei ninayouziwa mimi na msambazaji.

Niliumia, sitaficha. Ila darubini nilimfungia, nikailenga vizuri, nikamtoza. Usiku nilipopiga hesabu niliona kwamba ile kazi ya darubini iliniachia faida zaidi ya ambayo ningeipata kwa kumuuzia bunduki yenyewe.

Ndugu yangu wa Houston, jibu lako liko hapo. Kwenye bunduki mpya usishindane nao bei. Wananunua kwa maelfu, wewe unanunua mbili. Kwetu Arusha Mangi, yule mwenye duka la mtaani, hajawahi kuiua supamaketi kwa bei ya sukari. Anaishi kwa sababu anakupimia mafuta ya robo na anamjua mama yako. Uza ufundi. Uza muda wako. Pokea bunduki za watu walionunua mtandaoni, kwa kuwa sheria inataka zipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Wenye maduka wengi huwanunia wateja hao, mimi nawakaribisha, wanajaza fomu, wananilipa ada yangu, na wengi huondoka na mkanda au mafuta ya kusafishia. Risasi za kawaida waachie wakubwa. Wewe weka zile za zamani zisizopatikana kirahisi, kama .257 Roberts, .300 Savage na geji 16, maana mwenye bunduki ya babu yake ataendesha gari mbali kuzifuata.

Na mitumba! Hapo ndipo duka langu liliposimama. Mjane ana kabati lililojaa bunduki za marehemu na hajui zina thamani gani. Ndiyo, Cabela's, duka jingine kubwa la uwindaji ambalo Bass Pro walilinunua mwaka 2017, wana sehemu yao ya bunduki za zamani. Lakini mama yule anamtaka mtu atakayekuja nyumbani, amwambie ukweli, amuuzie kwa kamisheni asimpunje. Mtendee haki mmoja, mji mzima utajua.

Pia fahamu kwamba wakubwa wanaingia na kutoka. Walmart waliacha bastola mwaka 1993 karibu nchi nzima, wakaacha bunduki za aina ya AR-15, zile zenye sura ya kijeshi, mwaka 2015, na mwaka 2019 wakaacha risasi za bastola. Uamuzi huo wa mwisho ulikuja baada ya watu 23 kuuawa katika duka lao la El Paso, kwa hiyo usinisikie nashangilia. Wateja wao walihamia kwetu, na pamoja nao ukahamia mzigo.

Mzigo huo ndio ninaotaka uubebe kabla hujafikiria faida. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini humu ni watu wanaojiua. Mwaka 2009 huko New Hampshire watu watatu, ndani ya muda usiofika wiki, walinunua bunduki katika duka moja na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Wenye maduka wa kule walikaa na wataalamu wa afya, wakatengeneza mabango na mwongozo wa kumtambua mteja aliye hatarini. Bango kama hilo liko ukutani kwangu. Mtu akija asiyejua anataka nini, haulizi bei, anasema "yoyote tu" na risasi chache, usimuuzie. Mvutie kiti. Mbinyo wa kodi ya pango usikufanye umuuzie. Kijana akichagua kwa kidole halafu mchumba wake ndiye anatoa kitambulisho, usiuze. Tangu 2022 kununua kwa niaba ya asiyeruhusiwa ni kifungo cha hadi miaka 15. Jibu la FBI likichelewa, sheria kwa kawaida inakuruhusu kuuza siku tatu za kazi zikishapita. Walmart hawauzi mpaka wapate ruhusa kamili, na hapo wakubwa wamefanya vema, waige.

La mwisho ni la kwako wewe wa Houston. Leseni inafungwa kwenye anwani, kwa hiyo usitie saini ya pango kwanza. Houston yenyewe haina sheria ya kugawa maeneo ya biashara na makazi, lakini miji jirani ya Pearland na Sugar Land wanayo, na mwenye jengo anaweza kukataza silaha ndani ya mkataba wake. Ulizia mji, soma mkataba, kisha niandikie tena. Nitakuunganisha na msambazaji anayekubali oda ndogo.