Pima maji kwanza, chakula baadaye

Lugha yetu ina mtego kwa anayelisha samaki wakati wa baridi. Maji yasiyo na chumvi tunayaita maji baridi, na samaki tunasema ana damu baridi, basi mtu anadhani baridi haimsumbui. Mimi nilidhani hivyo, na bwawa langu la kwanza la perege lilinitoa ujinga.

Wakati wa joto nilizoea kopo mbili asubuhi na mbili jioni, na samaki waligombania. Baridi ilipoingia sikupunguza. Tena kwa huruma nikaongeza, nikifikiri wanahitaji nguvu za kujipasha moto. Wiki haikuisha, chakula kikawa kinaelea kutwa nzima, maji yakaanza kunuka, na asubuhi moja nikaokota kumi na mmoja wamekufa.

Haikuwa njaa. Samaki hajipashi moto kwa chakula kama sisi; kasi ya mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakipoa kwa nyuzi 10, kazi ya mwili hupungua kwa takriban nusu au zaidi, na chakula hukaa tumboni muda mrefu. Perege hula vizuri kwenye nyuzi 27 hadi 30. Chini ya 20 hamu hushuka sana, na ikikaribia 16 huacha kula. Kinachobaki huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, huku bakteria wanaoiondoa nao wamezubaa kwa baridi.

Kwa hiyo nunua kipimajoto, ukitumbukize hadi kina wanakokaa samaki. Juujuu jua litakudanganya. Siku za baridi lisha mara moja, maji yakishapata joto la mchana, kiasi watakachomaliza kwa dakika chache. Wakisusa, acha. Samaki mkubwa mwenye afya hafi kwa kufunga siku kadhaa. Vifaranga ndio wa kuangaliwa kwa karibu.

Joto kali nalo lina hila zake. Maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubeba kama 7.5. Samaki anataka kula zaidi, na kusaga chakula kunakula oksijeni, lakini hewa yenyewe imepungua. Usilishe alfajiri, hasa bwawa likiwa la kijani: usiku kucha mwani nao umekuwa ukivuta hewa hiyohiyo.

Wala usichukue kipimo cha perege ukampa kila kiumbe. Samaki wa dhahabu bado hula kwenye maji ambayo perege angekuwa hoi. Aksolotli, mnyama wa majini mwenye ukoo na chura, hupenda nyuzi 16 hadi 18, na joto likizidi ndipo anaposusa.

Kobe wangu wa majini alisusa siku tano. Nilimbadilishia chakula mara tatu, bure. Taa ya pale anapoota joto ilikuwa imeungua. Nilipoweka nyingine, kesho yake akala kile cha kwanza.