Kushusha injini uani: jua kwanza kilichoiua

Watu wakisikia kwamba injini ya gari letu, Toyota Probox, ilishushwa na nyingine ikapandishwa hapa hapa uani, Malindi, swali la kwanza huwa, "Mliinyanyua na nini?" Jibu lake ni fupi: cheni bloku (mnyororo wa kunyanyulia mizigo) ya tani moja ya kukodi na mabomba matatu ya chuma. Swali ninalotamani waulize ni jingine. Ile ya kwanza iliuawa na nini? Usipolijua hilo, gharama yote utakayoingia ni ya kuizika ya pili.

Probox hii ina 1NZ-FE ya lita 1.5, injini ambayo haisumbui mtu anayeibadilishia oili kwa wakati. Nyingi nilizoziona zikishushwa huku kwetu zimekufa kwa joto, na joto lenyewe chanzo chake ni kisimani. Visima vya karibu na bahari vina chumvi. Dereva anaona maji ya rejeta yamepungua, anachota ndoo, anajaza, anaondoka. Chumvi inakula alumini, inapandisha kutu, na chokaa ya maji inaziba vijia vyembamba vya rejeta. Aliyekuwa na gari hili kabla yetu alikuwa na mtindo huo. Tulipofungua koki ya chini ya rejeta yalitoka maji ya rangi ya kutu, kisha vipande vyeupe vyembamba kama maganda ya yai. Hedi, yaani kichwa cha injini, ilikuwa imepinda, gasketi yake imeungua, na maji yameingia kwenye oili hadi beringi za krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) zikaliwa. Ingekuwa ni hedi peke yake tungeipeleka ikachongwe. Injini ikishaanza kugonga chini, hesabu ni nyingine.

Kwa hiyo rejeta mpya, mipira mipya, themostati na kifuniko cha rejeta viweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na ukitia maji yawe kulanti, maji maalumu ya kupoza injini. Asiyekuwa na pesa za rejeta asinunue injini bado.

Injini yenyewe wengi wetu tunaifuata Mombasa, kilomita kama 120 kutoka hapa, kwa wauzaji wa injini zilizotumika Japani. Nenda na spana ya kuzungushia krenki. Izungushe kwa mkono: iende mzunguko mzima bila kukwama. Fungua kifuniko cha oili uchungulie kwa tochi ya simu. Ukiona tope jeusi limeganda, shukuru na uage. Toa plagi uzitazame zote nne. Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hatakukumbusha: 1NZ haziko sawa. Za zamani thrato yake (mlango wa kuingizia hewa) huvutwa kwa kebo, za baadaye ni ya umeme, na soketi za waya zinatofautiana. Piga picha za injini yako kila upande kabla ya kwenda, ulinganishe pale pale dukani. Risiti iandikwe nambari ya injini, na uombe karatasi za kuingizwa kwake nchini. Utaona baadaye kwa nini.

Kazi ya uani ina adui wake, mchanga. Jeki inazama, na upepo wa kusi ukivuma unapuliza vumbi kwenye kila tundu lililo wazi. Tandika mbao nene chini ya jeki na stendi, na kila mpira unaoufungua uzibe mdomo kwa tepu papo hapo. Usianze kazi hii masika. Na umwombe mama mwenye nyumba ahamishe jiko la mkaa siku hiyo, maana bomba la petroli lazima lifunguliwe. Kabla ya kulifungua, toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga starta kidogo ili presha ishuke, kisha toa betri. Hata hivyo shika kitambaa. Petroli kidogo itamwagika tu.

Bolti za gari la pwani zina kutu. Zinyunyizie dawa ya kulainisha kutu usiku wa kuamkia kazi, hasa za ekzosi. Ukikuta bolti inakataa, irudishe nyuma kidogo, nyunyiza, jaribu tena. Kuilazimisha ni kuikata, na bolti iliyokatikia ndani ya alumini itakuchosha kuliko injini nzima.

Kila soketi ya waya ipe kipande cha tepu chenye nambari, na mwenzake nambari hiyo hiyo. Bolti za kuunganisha gia boksi na injini hazina urefu mmoja; toboa boksi la karatasi, zichomeke kwa mpangilio ule ule zilivyokaa. Mabomba ya esi (kipoza hewa cha ndani ya gari) usiyafungue kabisa. Kompresa inafunguka kwenye injini na kufungwa pembeni kwa kamba ikiwa na gesi yake ndani.

Sasa hayo ya kunyanyua. Kwenye gari hili injini hutoka juu pamoja na gia boksi, na mzigo huo unapita kilo mia. Nimeona watu wakitundika kwenye tawi la mwembe na wengine kwenye boriti za banda la makuti. Boriti ile inabeba makuti, basi. Simamisha mabomba matatu, chini yafungwe cheni ili miguu isitanuke mchangani, na kila mguu ukae juu ya ubao. Injini ikiwa hewani, mtu asiingize mkono wala kichwa chini yake, hata akiona nati imedondoka.

Ikishatua chini, hapo ndipo pa kukaa na kahawa. Vitu ambavyo gari likifungwa vinahitaji siku nzima kuvifikia, sasa viko mbele ya macho. Ile mpya ibadilishie oili sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji, gasketi ya kifuniko cha juu, belti na plagi. Oili sili ni bei ndogo, lakini ikivuja baadaye utashusha kila kitu upya.

Halafu kuna torki konveta, kile kinachopitisha nguvu ya injini kwenye gia boksi, kwa gari la otomatiki. Fundi mwenye haraka huiacha imeshikana na injini, au huiweka kwenye gia boksi bila kuikalisha. Isukume kwa viganja viwili huku ukiizungusha taratibu. Itaingia hatua kwa hatua, na kila hatua utaisikia mkononi, hadi izame kabisa ndani. Ndipo uisogeze injini. Nyuso mbili zikutane kwa kusukuma kwa mikono. Zikibakisha nafasi ya kidole, simama. Ukizivuta kwa bolti utavunja pampu ya gia boksi, na hutajua mpaka gari likatae kwenda.

Kabla ya kuwasha, hakikisha waya mnene wa athi umerudi kati ya injini na bodi. Ukisahaulika, umeme wa starta utatafuta njia kwenye nyaya nyembamba na kuziunguza. Tia oili, tia kulanti, acha fyuzi ya pampu nje, upige starta kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike. Ndipo urudishe fyuzi na uwashe. Usiende kutembea nalo. Liache lingurume uani, washa hita ili hewa itoke kwenye njia za maji, subiri feni ijiwashe na ijizime yenyewe, huku mwenzako akimulika chini kutafuta uvujaji.

Na zile karatasi za Mombasa: nambari ya injini imeandikwa kwenye logibuku (hati ya umiliki wa gari), kwa hiyo mabadiliko lazima yafikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kampuni ya bima ipewe habari. Usingoje siku ya kuuza gari au ya kusimamishwa barabarani. Injini ya zamani isiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Vua starta, altaneta, koili na sensa zake, uzifunge kwenye gunia kavu. Siku moja vitakuokoa nauli ya Mombasa.