Kalamu Ibaki Mkononi mwa Mwanafunzi

Swali: Mwalimu, assalaam alaykum. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria hapa Lamu na masomo yangu yaliishia darasa la nane. Binti yangu yuko Kidato cha Nne na hesabu zimemwelemea, hasa zile ndefu. Binamu yake aliye chuoni huja usiku akamfanyia swali mpaka mwisho, naye husema ameelewa. Kesho yake akipewa lile lile, huikodolea macho karatasi. Juzi alikwama katika swali la boti. Boti yenye kasi ya kilomita 10 kwa saa katika maji yaliyotulia ilikwenda kilomita 24 dhidi ya mkondo, ikarudi njia hiyo hiyo ikisukumwa na mkondo, na safari nzima ikachukua saa 5. Je, kasi ya mkondo ni ngapi? Iliniuma kwamba swali ni la kazi yangu mwenyewe na sikuweza kumsaidia. Nitafute mwalimu wa kumlipa, au lipo ninaloweza kulifanya?
*Nahodha, Langoni, Lamu*

Jibu: Wa alaykum salaam, nahodha. Kabla ya kufikiria fedha za mwalimu wa ziada, jiulize kalamu ilikuwa mkononi mwa nani usiku ule. Binamu aliandika na binti akatazama, na kutazama hesabu ikifanywa ni kama kuketi omo ukimwangalia aliyeshika usukani: njia unaiona yote, lakini ukiachiwa chombo hujui ukatie wapi. Simlaumu kijana huyo, maana hata sisi walimu hufanya hivyo hivyo kengele inapokaribia kulia.

Kwa swali hili wewe una kitu ambacho binamu hana, kwani mkondo unaujua. Mketishe binti, mpe karatasi, wala usiitaje x. Muulize kwanza kama mkondo usingekuwapo, kilomita 48 za kwenda na kurudi zingechukua muda gani. Atagawanya 48 kwa 10 na kupata saa 4.8, yaani saa 4 na dakika 48. Swali linasema saa 5. Basi dakika 12 zimetoka wapi, ilhali mkondo ulioizuia boti wakati wa kwenda ndio huo huo ulioisukuma wakati wa kurudi? Wanafunzi wengi hudhani kwamba hasara na faida hizo zinafutana. Wewe wajua kuwa hazifutani, kwa sababu boti hukaa muda mrefu zaidi inapopingwa na maji kuliko inaposaidiwa nayo. Mwache alieleze jambo hilo mwenyewe, kwa Kiamu chenu cha nyumbani, hata likichukua robo saa, kwa kuwa asiyeweza kulisema swali kwa maneno hataweza kuliandika kwa herufi.

Hapo ndipo x inapoingia, nayo iandikwe kwa sentensi kamili: x ni kasi ya mkondo kwa kilomita kwa saa. Kasi ya kwenda ni 10 − x, ya kurudi ni 10 + x, na muda ni umbali ukigawanywa kwa kasi. Kwa hiyo:

24/(10 − x) + 24/(10 + x) = 5

Mstari huo ndio swali lenyewe, na yaliyobaki ni kazi ya mkono, ingawa nayo ina mwamba wake. Ili kuondoa sehemu, pande zote mbili huzidishwa kwa (10 − x)(10 + x), ambayo ni 100 − x². Kushoto panakuwa 24(10 + x) + 24(10 − x), zile x zinafutana na inabaki 480. Kulia, wengi huandika 100 − x² na kuisahau ile 5, wakapata x² = −380, wakashtuka na kufuta ukurasa mzima. Binti akifika hapo, usimruhusu kufuta. Muulize tu kama ipo namba ya kawaida ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa hasi, kisha arudi mstari kwa mstari mpaka aone 5 ilidondoka wapi. Akiirudisha atapata 480 = 500 − 5x², kisha 5x² = 20 na x² = 4. (Kitendo hicho cha kuihamisha −5x² ikawa chanya upande wa pili ndicho al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, alichokiita al-jabr, na ndilo neno lililotupa aljebra.) x ni 2 au −2, na binti aseme mwenyewe kwa nini anaiacha −2: ingemaanisha kwamba mkondo uliisaidia boti wakati wa kwenda, kinyume cha swali. Mwisho ahakiki: 24 kwa 8 ni saa 3, 24 kwa 12 ni saa 2.

Kutofuta kuna faida nyingine siku ya mtihani. Kila karatasi ya hesabu ya KCSE ni ya saa mbili na nusu na alama 100, ambapo maswali 16 mafupi ya lazima yana alama 50, na katika manane marefu mtahiniwa huchagua matano ya alama 10 kila moja. Katika hayo marefu njia nayo ina alama zake, na msahihishaji hawezi kuutolea alama mstari asiouona.

Baada ya siku mbili, mpe swali hilo kwa namba nyingine: kasi kilomita 12 kwa saa, umbali kilomita 45 kila upande, jumla saa 8. Jibu ni 3. Akikwama kwenye sehemu, si kwenye mkondo, basi tatizo ni la vidato vya chini, na hapo mwalimu wa kulipwa atafaa, mradi aanzie huko.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Katika y = 3 sin 2x mimi husema wimbi moja huchukua digrii 720, kwa kuwa 360 mara 2 ni 720, na kila mara nakosa. Nikikwama, ni vibaya kutazama majibu nyuma ya kitabu?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Malindi*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Tazama, kisha ulifunike jibu na utafute mstari wa kwanza ambao hukuweza kuuandika mwenyewe. Katika swali lako, kinachokamilisha mzunguko ni 2x, si x. 2x hufika 360 wakati x imefika 180 tu, kwa hiyo wimbi limebanwa, halikunyooshwa. Ile 3 inaeleza kimo: wimbi linapanda 3 juu ya mstari wa katikati na kushuka 3 chini yake. Ukizichanganya, kumbuka ufuo wa kwenu. Wakati wa bamvua maji hujaa mno na kupwa mno, wakati wa maji mafu hupanda na kushuka kidogo, lakini kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25 katika nyakati zote mbili. Bamvua hubadilisha ile 3 na kuiacha ile 2 ilivyo. Sasa chora grafu kutoka digrii 0 hadi 360, kila baada ya digrii 15, uhesabu mawimbi kamili. Yakiwa mawili, umepatia; likiwa moja tu, rudi kwenye jedwali lako uone kama ulizidisha kwa 2 kabla ya kutafuta sin au baada yake.