Usimtafute Nick Cave kwenye albamu ya Rowland S. Howard

Nisingependa urudie kosa nililolifanya na Teenage Snuff Film, albamu ya kwanza ya Rowland ya peke yake, ya mwaka 1999. Nilikuwa shabiki wa The Birthday Party, bendi ya Melbourne iliyovunjika mwaka 1983, na nilijua Rowland ndiye mwenye lile gitaa linalokwaruza nyuma ya sauti ya mwimbaji wao, Nick Cave. Nilipoipata albamu hiyo, niliifungulia ndani ya daladala nikingojea fujo ya zamani. Nyimbo tatu tu, nikazima. Niliiona ya kinyonge. Ikakaa kwenye simu karibu mwaka mzima bila kuguswa.

Kilichonirudisha ni "White Wedding". Wimbo wenyewe wa asili, wa Billy Idol, unaujua, ni wa kuchezea. Rowland ameushusha mwendo mpaka harusi imegeuka matanga. Anzia hapo basi. Wimbo unaoujua tayari utakuonyesha alichopunguza na alichoongeza.

Halafu isikilize usiku, nyumba ikiwa imelala, na hedifoni masikioni. Muziki huu una ukimya mwingi katikati, na mngurumo wa gari huumeza wote. Lifuate gitaa peke yake kwanza. Anagonga noti moja, anaiacha ilie, ule mlio mkali unaojizaa gitaa likielekezwa kwenye spika, na unapokaribia kukuumiza anaukata. Ngoma anapiga Mick Harvey, mwenzake wa tangu enzi za Birthday Party, na wala hamkimbizi. Anamngoja. Mimi huurudia wimbo mzima kwa ajili ya kungojana huko tu.

Ila kama umeachwa wiki hii, subiri kidogo. Nasema hivi kwa kukujali. Mimi niliisikiliza jeraha likiwa bichi, nikapata usingizi saa kumi alfajiri.

Albamu yake ya pili, Pop Crimes, iweke baadaye. Ilitoka Oktoba 2009, naye akafariki tarehe 30 Desemba mwaka huohuo kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 50. Ukianza nayo utakuwa unahani msiba wa mtu usiyemjua. Mimi nilipoifikia nilikuwa nimeshaizoea sauti yake kama ya jirani, na kwenye mstari wa kwanza tu nikasikia pumzi imepungua.