Kiatu chepesi cha lami na vumbi: angalia soli kwanza
Je, pea moja nyepesi ya viatu vya kukimbia inatosha lami na njia za vumbi? Ndio, ila usinunue kwa kuangalia gramu tu, geuza soli. Meno ya soli yenye urefu wa milimita 3 hadi 4, mapana na yaliyokaribiana, ndio yanafaa kwa mchanganyiko, yakifika 5 kwenda juu hayo ni ya tope, kwenye lami utayasikia chini ya mguu na yanaisha mapema maana uzito wote unabebwa na ncha chache badala ya soli nzima. Mimi nakimbia Iten, Kenya, lami kidogo halafu murram nyekundu, yaani barabara ya udongo na kokoto, pea yangu ni kama gramu 250 na bado iko poa. Ya kabla yake ilikuwa nyepesi zaidi lakini mpira ulibandikwa kisiginoni na mbele tu, katikati sponji tupu, kokoto zikaichimba mpaka kidole kinazama. Dukani bonyeza kwa ukucha, sponji inabaki na alama, mpira hauna shida. Ila mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unaganda kwenye meno yoyote yale, siku hiyo baki lami.