Jibu: Kima wa Jozani na minazi ya Pete

Sheikh, umeuliza watu wa Pete, kijiji kilicho jirani na msitu wa Jozani huku Unguja, wanafaidi nini na kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, zaidi ya kuliwa vidaka, yaani nazi changa. Sehemu ya kiingilio cha watalii Jozani hurudi vijijini, ila faida ni ya kijiji kizima na hasara ya mwenye shamba peke yake. Hapo ndipo penye ugomvi.

Kuhusu minazi, utafiti uliochapishwa 1999 ulionyesha mavuno hayapungui: vidaka vingi vingepukutika hata bila kima. Mkulima anayeokota vidaka vilivyotafunwa chini ya mnazi wake haamini, na simlaumu. Mboga na maharage ni habari nyingine, hayo yakiliwa yameliwa. Kwa rai yangu, fidia ianzie hapo, tena msimu huohuo.