Je, "ari" na "ardent" ni ndugu?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa tafsiri hapa Nairobi. Mwalimu wangu wa zamani aliniandikia barua ya mapendekezo akanitaja kuwa "ardent learner", nami nikatafsiri "mwanafunzi anayewaka". Mwenzangu alipoisoma aliniuliza nimekasirishwa na nani. Neno hili lina asili gani, na je, lina undugu na "ari" yetu?

Jibu: Asili umeipata barabara, kilichokuponyoka ni matumizi, kwani siku hizi "ardent" humaanisha mwenye hamu na bidii kubwa. "Ardent" liliingia katika Kiingereza katika karne ya 14 kupitia Kifaransa cha kale, nacho kilikuwa kimelirithi kutoka kitenzi cha Kilatini ardere, yaani kuwaka moto, ambacho Warumi wenyewe walikitumia pia kwa moyo uliotekwa na mapenzi au tamaa. Moto huo haukuzimika upesi, kwani pombe kali za kukeneka ziliitwa kwa Kiingereza "ardent spirits" kwa kuwa huweza kushika moto, na "arson", kosa la kuchoma mali kwa makusudi, lilitokana na kitenzi hichohicho. Hata "arid", neno tunalolisikia kila zinapotajwa kaunti kame za kaskazini, ni la ukoo huo.

Kwetu, hata hivyo, mtu aliyewaka ni mtu aliyepandwa na hasira, na hapo ndipo mwenzako aliposhtuka. Jihadhari vilevile na "fervent", lililotokana na fervere, kuchemka: ukisema fulani amechemsha, wapo watakaoelewa kwamba ameboronga.

Kuhusu "ari", mfanano ni wa bahati tu. Neno hilo tulilipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni aibu. Mwenye ari ni yule asiyekubali kuaibika, ndiyo maana hujikaza mpaka kazi ikamilike. Naliona kuwa neno zito na zuri kuliko "bidii", kwa sababu bidii huonekana mikononi, ilhali ari hukaa moyoni hata mikono inapochoka. Kwa mpenzi wa kandanda ningechagua "shabiki sugu", na kwa anayemsubiri ampendaye, "mwenye shauku". Katika barua yako ningeandika hivi: "Ni mwanafunzi mwenye ari kubwa ya kujifunza."